Acheni bahari iwaletee ndege

"Sisi ni kikundi cha watu 14 tunaopenda kutazama ndege, na kila Januari huenda pwani kwa wikendi moja, kipindi ambacho baridi ni kali na ndege wahamiaji wamejaa. Mwaka jana tulichagua siku ambazo maji yangekuwa yamekupwa asubuhi, tukiamini kwamba matope yakiwa wazi tutawaona vizuri. Walikuwepo kwa maelfu, lakini mbali kama nukta. Tulishuka matopeni tukawakaribia, wakaruka. Tukawafuata, wakaruka tena, labda mara tano kwa jumla. Usiku tulibishana. Mmoja alisema tumewatesa na kwamba tusirudi tena. Mwingine alijibu kwamba kuruka ndiyo kazi ya ndege, na kwamba kama tungekuwa tunawasumbua, wasingekuwepo wale wachache waliotulia hatua 20 tu kutoka tulipokuwa. Isitoshe, mwenzetu wa miaka 68 vidole vyake viligeuka vyeupe kabisa kwa baridi, tukaogopa. Je, twende tena mwaka huu? Na tukienda, tufanye nini tofauti?"

Ndugu yangu, barua yako imefunga maswali matatu katika furushi moja: kama mliwadhuru ndege, kama mlichagua saa mbaya, na kama mwenzenu yuko salama kurudi. Nitaanza na neno mnalolingojea: nendeni. Aliyesema msirudi ana huruma iliyo mahali pake, lakini suluhisho lake ni kubwa kuliko tatizo. Kinachotakiwa ni kubadilisha saa, na kubadilisha nani anayemwendea mwenzake. Mwaka jana ninyi mliwaendea ndege. Mwaka huu tafuteni mahali pazuri, mketi kabla maji hayajajaa, na bahari yenyewe itawasogeza ndege hao hadi mbele ya darubini zenu bila hata mmoja wao kulazimika kuwakimbia.

Dhana ya kwamba maji yakipwa ndipo ndege huonekana vizuri ni ya kawaida sana, nami naielewa, kwa sababu tope likiwa wazi ndipo ndege wanapokuwa kazini. Sululu, vitwitwi wa aina nyingi na jamaa zao hula viumbe waliojificha ndani ya tope: minyoo, konokono wadogo, kombe, na wadudu wa majini wenye magamba. Maji yakipwa, meza yao hutandazwa kwa kilomita kadhaa, nao hutawanyika juu yake wakifuata ukingo wa maji, ambako tope bado ni laini na windo bado liko karibu na uso. Kwa hiyo wakati ambao chakula chao ni kingi ndio wakati ambao wako mbali zaidi na nchi kavu. Maji yakianza kurudi, meza hukunjwa kutoka upande wa bahari. Ndege husogea nyuma hatua kwa hatua mbele ya ukingo wa maji, wakiendelea kula na kuzidi kusongamana, mpaka wanabakiwa na ulimi wa mchanga, kisiwa cha kokoto au uwanja wa majani ulioinuka kidogo. Hapo husimama wakingoja maji yapungue. Mtu aliyeketi mahali panapofaa, saa mbili kabla ya maji kujaa kabisa, huanza kuona nukta zile zikikua na kuwa miili, miili ikapata rangi, na mwishowe huona mdomo mmoja mmoja. Katika miaka yangu yote ya kazi hii sijaona onyesho la pwani lenye kunigusa zaidi ya hilo, na hulipwa kwa subira peke yake.

Kwa kuwa bahari ndiyo itakayowapangia ratiba, ni vema muielewe kabla ya kuchagua tarehe. Katika pwani nyingi maji hujaa mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa kumoja na kwingine hupita saa 12 na dakika 25 hivi, ndiyo maana saa ya kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Siku chache baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu huwa ni bamvua: maji hupanda juu sana na kushuka chini sana. Katikati ya bamvua mbili huja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Jambo ambalo wapangaji wengi hawalijui ni kwamba katika pwani moja, maji makubwa ya bamvua hujaa karibu saa zile zile mwaka mzima, ilhali maji mafu hujaa kama saa sita kabla au baada ya hapo. Kama mahali penu bamvua hujaa alfajiri na jioni, basi hamtapata kamwe bamvua la adhuhuri hata mkitafuta katika kalenda nzima, na kwa majira ya baridi hilo ni jambo zito: karibu na latitudo 50 ya kaskazini, mchana wa mwishoni mwa Desemba una mwanga wa saa 8 tu, na Januari hauongezeki kwa haraka.

Je, mchague bamvua au maji mafu? Wengi watakuambia bamvua bila kusita, kwa sababu bamvua hufunika tope lote na kuwakusanya ndege wote mahali pamoja. Mimi naona vinginevyo kwa kikundi cha watu 14. Bamvua kubwa kabisa huwaachia ndege mahali pachache mno pa kusimama. Mkikosea hapo, hawana pa kwenda. Maji mafu nayo huacha tope wazi, ndege wengine wakaendelea kula mbali na wasije kabisa. Tafuteni siku za katikati, wakati maji yanapanda vya kutosha kuwasogeza ndege lakini yanawaachia zaidi ya kituo kimoja cha kupumzikia, na saa ya kujaa iwe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana siku zote mbili. Someni jedwali la maji la bandari iliyo karibu, kisha mwulizeni mwenyeji tofauti ya dakika kati ya bandari hiyo na mahali mtakapoketi, kwa maana ndani ya hori refu maji huchelewa. Angalieni pia hali ya hewa: kila kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake juu ya bahari, inaposhuka kwa kipimo cha hektopaskali moja, bahari huinuka kwa sentimita moja hivi, na upepo mkali unaovuma kuelekea nchi kavu huongeza zaidi. Jedwali halijui habari ya dhoruba ya jana usiku.

Sasa nije kwenye ubishi wenu wa usiku, kwa sababu ndio moyo wa barua yako. Rafiki yenu anayesema kwamba kuruka ndiyo kazi ya ndege angeweza hata kuleta ushahidi wenye nguvu kuliko aliouleta. Oktoba 2022, ndege kijana wa jamii ya Limosa lapponica, mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kuelekea juu, aliondoka Alaska akatua Tasmania baada ya siku 11 angani, kilomita 13,560 bila kupumzika hata mara moja, na kifaa kidogo alichofungwa kilirekodi safari nzima. Kiumbe wa namna hiyo, mtu atauliza, atadhurika vipi kwa kuruka mita 300 kwa sababu yenu?

Jibu liko katika akiba na katika uchaguzi. Ndege aliye tayari kwa safari ndefu amekula kwa majuma kadhaa, akajaza mafuta mwilini na kuchagua mwenyewe siku ya kuondoka. Ndege wa Januari yuko katika hesabu nyingine kabisa. Kitwitwi mdogo ana uzito wa gramu 50 hivi, na mwili mdogo hupoteza joto kwa kasi kwa sababu eneo la nje ni kubwa ukilinganisha na kilicho ndani. Ili abaki na joto, lazima ale kila siku, na wengi wao hula hata usiku maji yakiruhusu. Lakini tope lake hufunikwa na maji kwa sehemu kubwa ya siku, na baridi ikizidi, viumbe anaowawinda huchimba chini zaidi au hutulia wasionekane. Kwa hiyo chakula huwa kigumu kupatikana katika siku zile zile ambazo anakihitaji zaidi. Kuruka kwa kupiga mabawa hula nguvu mara nyingi zaidi ya kusimama. Mkimrusha wakati wa kula, amepoteza nguvu ya kuruka na pia dakika za mezani, na dakika hizo haziongezwi, maana maji hayamngoji. Mkimrusha wakati maji yamejaa, mmemtoa katika mapumziko ambayo ndiyo njia yake ya kubana matumizi.

Nisikutie hofu kupita kiasi, hata hivyo. Mruko mmoja wa dakika moja katika siku ya baridi ya kawaida hauui ndege mwenye afya. Atakula kidogo zaidi na mambo yataendelea. Hata mara tano zenu, peke yake, huenda hazikumaliza ndege yeyote. Tatizo ni kwamba hamkuwa peke yenu. Kabla yenu alipita mtu na mbwa, baada yenu alipita mkimbiaji, kisha mchimba chambo, kisha kipanga akashuka kutoka juu, na kila mmoja wao alidhani mruko aliousababisha ulikuwa wa kwanza siku hiyo. Ndege ndiye anayebeba jumla. Na katika juma la barafu, wakati tope lenyewe linaganda pembezoni, hesabu hiyo hubana hadi karibu na mwisho wake. Yakiwakuta majira ya namna hiyo, ushauri wangu ni kuahirisha ziara ya matopeni hata kama mmeshalipia malazi.

Kuhusu wale waliobaki hatua 20 tu kutoka kwenu, hapa ndipo naomba rafiki yenu anisikilize kwa makini, kwa sababu hoja yake inaonekana ya busara lakini ukweli huenda ukawa kinyume chake. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa kwenye ufukwe wa Scotland kwa ndege wa jamii ya Arenaria interpres, wale wadogo wanaopindua mawe wakitafuta chakula chini yake. Watafiti waliwalisha baadhi yao kwa siku kadhaa, wengine wakawaacha bila chakula cha ziada, kisha mtu akawakaribia. Waliolishwa vizuri ndio walioruka mapema, mtu akiwa bado mbali. Wasiolishwa walivumilia kukaribiwa zaidi. Ukitafakari, inaeleweka: mwenye akiba anaweza kumudu kuondoka, na mwenye njaa hawezi kuiacha meza yake hata akiogopa. Lilikuwa jaribio la mahali pamoja, na sidai kwamba kila ndege anayetulia ana njaa, kwani wengine wamezoea watu, hasa karibu na bandari na njia za matembezi. Ninachosema ni kwamba ndege kutokuruka si cheti cha kwamba hasumbuliwi. Aliyetulia karibu nanyi mwezi wa Januari pengine ndiye aliyestahili mrudi nyuma na kumwachia nafasi kwanza.

Basi mtajuaje kwamba umbali unatosha? Watu hupenda kupewa idadi ya mita, lakini umbali hutofautiana sana. Sululu, ambaye ni mkubwa na mwenye wasiwasi, anaweza kuinuka mtu akiwa bado mita 200 au zaidi, ilhali vitwitwi wadogo huvumilia karibu zaidi; na ndege wa mahali wanapowindwa huwa waoga kuliko wale wa jamii ile ile mahali wanapolindwa. Soma mwili wa ndege badala ya kusoma mita. Ndege anayekula ameinamisha kichwa. Vichwa kadhaa vikiinuka pamoja, mmeshaonekana. Wakiacha kula na kuanza kutembea upande mmoja, tayari wanawakimbia, ila kwa miguu. Sauti za kuitana zikianza na mmoja akanyoosha bawa, mmebakiwa na sekunde chache za kurudi nyuma, na mrudi kweli, polepole, bila kusimama kupiga picha ya mwisho. Na kundi zima likiinuka ghafla, kabla hamjajilaumu tazameni juu: mara nyingi kuna kipanga.

Mpangilio wa kikundi ndio utakaoamua mafanikio yenu. Watu 14 waliosimama juu ya ukuta wa bahari, vivuli vyao vikiwa wazi dhidi ya anga, ni kama uzio unaosogea. Watu hao hao wakiketi chini ya ukingo wa ukuta, na nyuma yao kuna majani au mwamba, huwa sehemu ya mandhari ndani ya robo saa. Gawanyikeni makundi mawili ya watu saba, katika maeneo mawili yasiyotazama kituo kimoja, kila kundi likiwa na kiongozi mmoja ambaye neno lake halipingwi mpaka wakati wa chakula. Darubini kubwa mbili au tatu zenye miguu mitatu zinawatosha. Zitegeni mapema, ndege wakiwa bado mbali, na miguu yake iwe mifupi, kwa kuwa darubini iliyoinuliwa hutikiswa na upepo hata mtu asione kitu. Msivutiwe kukuza mara 60. Katika upepo wa baridi, kukuza mara 25 au 30 huonyesha zaidi, kwa sababu picha inatulia. Jua la majira ya baridi liko chini muda wote, kwa hiyo chagueni mahali litakapokuwa mgongoni mwenu saa ya kujaa. Ndege aliye mbele ya jua ni kivuli tu, na mtabishana jina lake siku nzima.

Kosa kubwa kuliko yote, nalo nimelifanya mimi mwenyewe nikiongoza kikundi kilichochoka, ni kuondoka wakati maji yamejaa kabisa. Mmeona mlichokijia, miguu imeganda, kila mtu anataka kinywaji cha moto, mnasimama wote kwa pamoja, na ndege elfu kadhaa wanaruka bila kuwa na mahali pengine pa kutua. Sitasahau sauti ya mabawa yale. Mpango wa siku lazima ujumuishe saa nzima baada ya kujaa, mpaka maji yaanze kupungua na ndege wenyewe waondoke kuyafuata. Hapo mnaweza kusimama na kunyoosha viungo, na hakuna atakayewajali.

Ukihesabu, hiyo ni saa tatu au zaidi za kutulia katika upepo wa Januari, na hapo linaingia suala la mwenzenu. Mnaowatazama wana mbinu ambayo sisi hatuna. Katika mguu wa ndege, mshipa unaopeleka damu ya moto chini hupita bega kwa bega na mshipa unaorudisha damu baridi juu, na joto huhama kutoka mmoja kwenda mwingine kabla halijafika kwenye nyayo. Nyayo hubaki karibu na baridi ya maji yenyewe, na mwili haupotezi joto lake. Ongeza mguu mmoja uliofichwa manyoyani na mdomo uliochomekwa mgongoni, na una ndege anayeweza kulala usingizi juu ya barafu. Mwili wetu unajua kufanya jambo moja tu la haraka, kuibana mishipa ya vidole ili kuokoa joto la katikati, na upepo huzidisha hali: kwenye nyuzi 5 za Selsiasi na upepo wa kilomita 40 kwa saa, ngozi iliyo wazi huhisi baridi kama ya nyuzi -1.

Vidole kufa ganzi kidogo katika hali hiyo ni jambo la kawaida. Vidole kugeuka vyeupe kabisa, kama nta, hasa kama mpaka kati ya sehemu nyeupe na ngozi ya kawaida ulionekana wazi na baadaye vikapita rangi ya buluu kisha nyekundu vilipopata joto, inaweza kuwa hali iitwayo ya Raynaud, ambayo mishipa hubana kupita kiasi. Mimi ni mtu wa ndege, si daktari, kwa hiyo nitaishia kwenye ninalolijua kwa hakika: hali hii ikianza kwa mara ya kwanza katika umri mkubwa, inastahili uchunguzi, kwa sababu wakati mwingine huambatana na ugonjwa mwingine au husababishwa na dawa, zikiwemo baadhi ya dawa za shinikizo la damu na moyo. Amwone daktari kabla ya safari, amweleze dawa zote anazotumia, na asiache dawa yoyote kwa uamuzi wake mwenyewe. Amwulize pia kuhusu moyo, maana baridi hupandisha shinikizo la damu. Akipewa ruhusa, kaeni naye karibu na njia ya kuondokea, avae glavu nyembamba ndani ya zile nene zisizotenganisha vidole, awe na kitu cha kukalia kinachozuia baridi ya ardhi, na asishike miguu ya chuma ya darubini kwa mikono mitupu.

Kwa wote, mavazi yawe ya tabaka kadhaa, la nje likizuia upepo, na wekeni zamu: kila nusu saa watu wawili waondoke kwa nyuma, wakiinama, watembee dakika kumi mahali ambapo hawaonekani na ndege, kisha warudi. Mtu akianza kutetemeka bila kukoma, kujikwaa, kuzungumza kwa ulimi mzito au kujibu mambo yasiyoeleweka, ziara yake imekwisha. Mpelekeni mahali pakavu pasipo na upepo, mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni, mpeni kinywaji cha vuguvugu kitamu kama anaweza kumeza vizuri, msimpe pombe wala msimsugue mikono na miguu. Akiacha kutetemeka huku bado amechanganyikiwa, hali imezidi kuwa mbaya, ingawa macho yenu yatadhani amepata nafuu. Iteni huduma ya dharura mara moja.

Kuhusu kushuka matopeni, ombi langu ni moja: msishuke tena bila mwongozaji anayelifahamu tope hilo. Mbali na kuwarusha ndege, mlikuwa katika hatari ambayo barua yako haikuitaja. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Katika saa sita za kujaa, saa ya kwanza huleta kama sehemu moja ya kumi na mbili ya kina chote, ya pili sehemu mbili, ya tatu na ya nne sehemu tatu kila moja, kisha hupungua tena kwa mpangilio huo huo. Yaani nusu ya maji yote hufika katika saa mbili za katikati, na mara nyingi huingia kwanza kwenye vijito vilivyo nyuma yenu, kati yenu na nchi kavu, wakati mbele bado mnaona tope tupu. Katika Bahari ya Wadden, inayopakana na Uholanzi, Ujerumani na Denmark, watu hutembea matopeni kwa furaha kubwa, lakini hutembea na waongozaji waliofunzwa. Mtu akinasa, asijivute kwa nguvu. Ajilaze ili kutawanya uzito, na msaada uitwe mapema, bahari ikiwa bado mbali.

Saa za maji kupwa msizione kuwa zimepotea. Upepo ukivuma kutoka baharini, pandeni kwenye rasi yenye mwamba mkatazame ndege wa bahari kuu ambao dhoruba huwasogeza karibu na nchi. Huko hamumsumbui yeyote. Bahari ikiwa tulivu, tembeeni kwenye mashamba ya nyuma ya pwani, ambako bata bukini na baadhi ya sululu hula. Mkikuta ndege aliyekufa au anayeyumba, msimguse, na mbwa asimkaribie: mafua ya ndege aina ya H5N1 yameua ndege wengi wa pwani na baharini katika mabara kadhaa tangu mwaka 2021. Toeni taarifa kwa mamlaka ya mifugo au wanyamapori ya mahali hapo, na msafishe viatu kabla ya kwenda ufukwe mwingine.

Jambo la mwisho linahusu mtu wa kumtafuta kabla hamjafunga mizigo. Tangu mwaka 1967, kila Januari watu wengi, wakiwemo wa kujitolea, huhesabu ndege wa majini katika nchi nyingi kwa siku zinazokaribiana, na hesabu hiyo ya kimataifa huratibiwa na Wetlands International, shirika linaloshughulikia ardhi oevu. Pwani mnayokwenda huenda ina mratibu wake. Mwandikieni majuma kadhaa mapema, mwambieni mko 14, mwulizeni mketi wapi, na mjitolee kuhesabu kituo kimoja badala ya kutazama tu. Atawaambia ni ulimi upi wa mchanga ambao ndege huutumia upepo ukitoka kaskazini, ni ukuta upi wa kujificha, na ni kituo kipi ambacho tayari kimesumbuliwa sana msimu huu, ambacho atawaomba mkipite bila kusimama.